Mapenzi na Taharuki katika Riwaya: Chimbuko Lake katika Maisha ya Handeni na Korogwe

Miongoni mwa malalamiko yasikikayo mara kwa mara katika madarasa ya fasihi, lipo moja litolewalo na wanafunzi wenyewe wapendao kuandika. Husema kwamba wangependa kutunga riwaya za mapenzi zenye kumweka msomaji roho juu, lakini huko wanakotoka hakutokei jambo. Handeni, husema, ni mahindi na vumbi. Korogwe ni mkonge na kituo cha mabasi. Wapelelezi, bastola na hoteli za kifahari viko mijini, au viko ng'ambo. Basi kijana huyo huchukua kalamu akamtungia mpelelezi ambaye hajapata kumwona, akampandisha gari ambalo hajui hata mlango wake hufunguliwaje, na riwaya ikafa kabla ya sura ya tatu.

Katika insha hii tunakusudia kuonyesha kwamba malalamiko hayo hayana msingi. Tutatazama kwanza kwa ufupi historia ya riwaya ya taharuki katika Kiswahili, kisha tutapita katika historia ya Handeni na Korogwe, sehemu mbili jirani za Mkoa wa Tanga, ili tuone ni mambo gani ya maisha ya kila siku yaliyowatenganisha wapendanao na kuwatia hofu katika zama mbalimbali. Mwisho tutasema machache juu ya wajibu wa mwandishi kwa watu ambao maisha yao ndiyo malighafi yake.

Kwanza tukubaliane juu ya maana. Taharuki si kelele za risasi. Taharuki ni hali ya msomaji kungoja kwa wasiwasi jambo asilolijua mwisho wake, kwa ajili ya mtu ambaye amekwisha kumpenda. Pana mambo mawili hapo, kupenda na kungoja. Ndiyo maana mapenzi na taharuki hupatana sana katika riwaya, kwa kuwa apendaye ni mtu mwenye kungoja. Swali la mwandishi, kwa hiyo, si "Nipate wapi bastola?" bali ni "Watu wa kwetu hungoja nini, na ni nani aliyeushika mkono wa saa?"

Riwaya za taharuki katika Kiswahili

Riwaya hizi hazina umri mrefu. Katika miaka ya 1920 na 1930 wasomaji wa Kiswahili walipata tafsiri za masimulizi ya Kiingereza ya safari na hatari, kama vile Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina. Vitabu hivyo vilisomwa shuleni kwa hamu kubwa, navyo viliwazoesha vijana kudhani kwamba mambo ya kusisimua huletwa na mgeni mwenye ramani mfukoni.

Mabadiliko makubwa yalitoka Unguja. Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la uandishi la Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki la mwaka 1957–58, na riwaya yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilichapwa mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, ana kiko chake kama wapelelezi wa Kizungu, lakini fumbo analolifumbua ni la Kiunguja kabisa. Ni fumbo la ukoo, la nani ni mtoto wa nani, na la mambo yaliyofichwa nyumbani kwa miaka mingi. Jina la kitabu chake kingine, Mke Mmoja Waume Watatu, latosha kutuonyesha kwamba mwandishi huyo aliitafuta taharuki katika nyumba za watu, wala hakuitafuta katika viwanda vya silaha. Mwaka huo huo wa 1960 Muhammed Saleh Farsy alitoa Kurwa na Doto, hadithi ya wasichana wawili na kijana mmoja katika kijiji cha Unguja. Humo hamna mpelelezi, lakini msomaji hakiweki chini kitabu, kwa sababu wivu wa watu wanaoteka maji kisima kimoja ni jambo la kutisha kuliko jambazi asiyejulikana.

Bara nako kalamu hazikulala. Faraji Katalambula alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965, akakigeuza chombo cha kawaida cha ofisini kuwa mlango wa hofu. Euphrase Kezilahabi, katika Rosa Mistika ya mwaka 1971, alionyesha jinsi barua moja ya mvulana, ikiangukia mkononi mwa baba mkali wa Ukerewe, inavyoweza kuelekeza maisha yote ya msichana. Naye Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona ya mwaka 1974, alimleta Willy Gamba, mpelelezi wa kisasa mwenye kuipigania Afrika huru. Riwaya za namna hii zilisomwa katika mabasi, katika mabweni na katika zahanati, zikapewa jina la riwaya pendwa.

Tukizitazama riwaya hizo pamoja, tunaona jambo moja. Zile zilizodumu katika kumbukumbu ni zile ambazo hofu yake ilitoka katika sheria, desturi au chombo ambacho msomaji alikijua kwa mkono wake mwenyewe. Zile zilizoiga tu mavazi ya ng'ambo zilisomwa zikasahauliwa. Sasa tuichukue kanuni hiyo tuende nayo Handeni na Korogwe.

Mwindaji aliyekimbia usiku

Korogwe iko kando ya mto Ruvu, ambao kuelekea baharini huitwa Pangani, chini ya milima ya Usambara. Zamani Wazigua walijenga miji yao juu ya visiwa vya mto huo, ili maji yawe ukuta wao dhidi ya adui. Handeni iko kusini mwake, nchi ya vilima na nyika, na upande wa magharibi huinuka milima ya Nguu, ambayo leo imo katika Wilaya ya Kilindi, iliyomegwa kutoka Handeni mwaka 2002.

Kutoka milima hiyo ya Nguu ndiko alikotoka Mbegha, ambaye masimulizi ya Wasambaa humtaja kuwa mwanzilishi wa utawala wa Wakilindi. Habari zake ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi, aliyekaa na watawala hao miaka mingi na baadaye akawa liwali wa Tanga. Kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilichapwa kwanza na misheni ya Magila, kisha kikatolewa upya Nairobi mwaka 1962.

Hebu tuyatazame masimulizi hayo kwa jicho la mwandishi wa riwaya. Mbegha alizaliwa kigego, yaani aliota kwanza meno ya juu, na mtoto wa namna hiyo alidhaniwa kuleta vifo katika ukoo. Wazazi wake walimficha. Walipokufa, ndugu walimnyima urithi kwa sababu ya meno hayo. Alikwenda Kilindi, akawa rafiki wa mtoto wa mkubwa wa mji, wakawa wakiwinda pamoja. Siku moja kijana huyo aliuawa na nguruwe porini. Mbegha alijua kwamba hakuna atakayeamini kuwa ni ajali, maana kigego ni kigego, basi akatoroka usiku pamoja na mbwa wake, akapanda Usambara akiishi kwa kuwinda na kuwagawia watu nyama. Mwisho wake ni enzi. Katika safari ya kwenda Vuga aliua simba usiku, na watu wakamtukuza kwa jina la simba.

Ni nini kinachotushika katika habari hii? Si simba. Simba huja mwishoni, na msomaji amekwisha kukamatwa zamani. Kinachotushika ni meno. Mtu asiye na kosa amebeba mwilini mwake alama ambayo jamii imeihukumu, na kila apatapo rafiki tunauliza: watajua lini? Mwandishi wa leo hana haja ya kumwandika Mbegha tena. Yamtosha kuuliza, katika kijiji chake, ni alama gani leo inayomfanya mtu ahukumiwe kabla ya kusema neno. Pengine ni ugonjwa, pengine ni kabila la mama, pengine ni baba aliyewahi kufungwa. Akimpa alama hiyo kijana mwema, akampa na mchumba asiyejua, riwaya imekwisha kuanza.

Njaa, rehani na mjomba

Nchi ya Handeni huonja ukame mara kwa mara, na njaa zake zilipewa majina, kama watu wapewavyo majina. Mojawapo, ya miaka ya 1830, iliitwa Kidyakingo, na wazee huieleza kuwa ni njaa iliyowafanya watu kula ngozi. Katika nyakati za namna hiyo ndipo ilipoonekana nguvu ya desturi ya rehani. Wazigua wa zamani walihesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba alikuwa na mamlaka juu ya watoto wa dada yake. Deni lilipobana au chakula kilipokwisha, mtoto aliweza kuwekwa rehani kwa mtu mwenye chakula, akae kwake akifanya kazi mpaka jamaa zake wamkomboe. Katika miaka ya amani walimkomboa. Katika miaka ya biashara ya utumwa, aliyewekwa rehani aliweza kuuzwa pwani kabla ya mvua kunyesha.

Basi na tufanye mfano wa kubuni. Msichana amechumbiwa, mjomba wake anamweka rehani kwa magunia machache ya nafaka, mchumba ana msimu mmoja tu wa kutafuta mbuzi wa kumkombolea, na mwenye kumshika msichana amekwisha kuonekana akizungumza na wafanyabiashara kutoka Pangani. Hakuna mpelelezi hapa wala hakuna bastola, lakini kila wingu linalopita bila kunyesha ni hatua moja ya adui. Hata mjomba si mtu mbaya. Ana watoto wengine wanaolia njaa, naye amechagua yule ambaye alidhani atarudi. Riwaya yenye mjomba wa namna hiyo humfundisha msomaji historia ambayo orodha ya tarehe haiwezi kumfundisha.

Hayo si mambo yaliyokwisha na kuzikwa. Mapokeo ya Wazigua husimulia kwamba, wakati wa njaa ya Kidyakingo, watu wengi walipanda majahazi kwa ahadi ya kwenda kufanya kazi na kurudi, wakajikuta ni watumwa katika pwani ya Somalia. Baadhi yao walitoroka, na mapokeo humtaja mwanamke kiongozi, Wanankhucha, aliyewaongoza. Walikusudia kurudi kwao kwa miguu, lakini walikaa katika bonde la mto Juba, wakalima, wakaihifadhi lugha ya Kizigua kwa zaidi ya miaka 150. Somalia ilipoingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1991, wengine walikimbilia Kenya, na baadaye kundi kubwa lilipelekwa Marekani. Wengine walifika Tanzania kwa bahari, wakakaa katika kambi ya Mkuyu, Handeni, kisha katika makazi ya Chogo. Walipozungumza na wenyeji walisikilizana.

Msomaji mwema, fikiri jambo hilo. Watu waliondoka kwa ahadi ya kurudi, na vitukuu vyao wakarudi wakiwa wakimbizi, wakilitamka neno la maji kama walitamkavyo wenyeji. Je, kijana wa Chogo akimpenda msichana wa kijiji cha jirani, wazee wataulizana nini siku ya posa? Wataulizana ukoo. Huenda ikaonekana kwamba wao ni ndugu, na huenda ikaonekana kwamba babu wa mmoja ndiye aliyempandisha babu wa mwenziwe jahazini. Mwandishi anayesema kwamba Handeni hakutokei jambo hajapata kuuliza habari za majirani zake.

Mkonge, namba na barua

Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa Kijerumani, alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutoka miche hiyo yalienea mashamba yaliyoifunika Tanga yote, na Korogwe ikazungukwa na mashamba kama Magunga, Ngombezi, Hale na Mnyuzi. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, nayo ndiyo iliyobeba katani kwenda bandarini na kuleta watu kwenda mashambani.

Watu hao walitoka mbali, Kigoma, Unyamwezi, Songea, Ubena, hata Rwanda na Burundi. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba yake. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuandikisha wafanyakazi, kilichojulikana kwa jina la SILABU, nacho kiliendelea na kazi hiyo mpaka miaka ya 1960. Mfanyakazi alipewa kipande cha siku 30 za kazi. Siku ambayo hakumaliza sehemu yake ya kazi haikuhesabiwa, na kwa hiyo mwezi wa kipande ulikuwa mrefu kuliko mwezi wa kalenda.

Hapa pana saa ya riwaya iliyokwisha kutengenezwa. Kijana wa Songea ametia sahihi ya dole gumba. Amemwacha mchumba, na mahari ndiyo iliyomleta. Kila siku isiyopigwa alama katika kipande ni siku iliyochukuliwa kutoka katika ndoa yake. Hajui kuandika, kwa hiyo barua yake huandikwa na karani, na jibu husomwa na karani. Sasa tuseme karani huyo ana sababu ya kutosema kweli. Siri ya mapenzi ya mtu imo mkononi mwa mtu mwingine, na msomaji anajua, ilhali mwenye barua hajui. Wahenga walisema, siri ya mtungi aijuaye kata. Katika kambi za mkonge aliyekuwa kata ni yule aliyejua kusoma.

Tunalisisitiza jambo hili kwa walimu, maana ndilo kiini cha insha yetu. Taharuki hutokana na kujua jinsi mambo yanavyofanya kazi. Asiyejua kipande kilivyohesabiwa hawezi kumtia msomaji hofu ya siku moja iliyopotea. Asiyejua posa hupelekwa na nani na hujibiwa baada ya muda gani, hawezi kumfanya msomaji angoje jibu. Mwandishi anayejua kwamba makali ya ncha ya jani la mkonge huweza kumpofua mkataji, hana haja ya kumtafutia shujaa wake hatari nyingine. Kwa hiyo utafiti wa historia si mzigo wa ziada juu ya mtunzi. Ndiyo ghala yake.

Mashamba hayo nayo yalipita katika mabadiliko. Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967, mengi yalitiwa mikononi mwa taifa. Bei ya katani ilipozidi kuanguka kwa sababu ya nyuzi zitengenezwazo viwandani, baadhi ya mashamba yaliachwa yakawa pori, na katika miaka ya baadaye mengine yalifufuliwa. Wazee waliostaafu wakakaa katika majumba ya kambi, mbali na makwao, wengine wakiwa na familia mbili, moja huku na moja kule. Mtoto wa familia hii na mtoto wa familia ile wakikutana bila kujuana, tayari mwandishi ana fumbo ambalo Bwana Msa angalifurahi kulifumbua.

Njia panda

Yako pia maisha ya leo. Segera, katika Wilaya ya Handeni, ni mahali ambapo barabara itokayo Chalinze hugawanyika, moja ikaenda Tanga na nyingine Korogwe, Same na Moshi. Mchana na usiku mabasi husimama, watoto na wanawake hukimbilia madirishani na machungwa, mahindi ya kuchoma na mayai. Huo ni muda mfupi sana. Katika muda huo fedha hutolewa, chenji hurudishwa au hairudishwi, jina huulizwa, namba ya simu hutajwa huku basi linaondoka na tarakimu ya mwisho haisikiki. Zamani mambo kama hayo yalitokea kwenye stesheni za reli. Treni ya abiria, iliyosimama kwa miaka mingi, ilirejea Desemba 2019 kati ya Dar es Salaam na Moshi, na stesheni ya Korogwe ikawaona tena watu wenye kuaga.

Wengine husema kwamba simu ya mkononi imeua taharuki ya mapenzi, kwa kuwa hakuna tena kungoja barua. Sisi hatukubaliani nao. Simu imebadili tu kinachongojewa. Mtu aliyengoja barua mwezi mzima alikuwa na sababu mia za kujifariji: mto umefurika, lori limeharibika, karani anaumwa. Yule anayeona kwamba ujumbe wake umefika na haujajibiwa hana faraja hata moja. Aidha, simu huweza kushikwa na mtu mwingine, kama vile barua ilivyosomwa na karani. Chombo ni kipya, lakini tatizo la siri kuwa mkononi mwa mwingine ni lile lile.

Wajibu wa mwandishi

Mpaka hapa tumesema juu ya utajiri wa malighafi. Lakini malighafi hii ni watu, na wengine wako hai. Hapana budi tutazame hatari mbili.

Hatari ya kwanza ni kuwaumbua majirani. Kijiji ni kidogo. Mwanafunzi akiandika juu ya binti aliyerudishwa kwao baada ya harusi, hata akibadili jina, kijiji kizima kitamjua. Njia ya kuepuka ni kuchukua tatizo na kumwacha mtu. Mwandishi achukue kile kilichowatenganisha, yaani sheria, deni, masharti au muda, kisha abuni watu wapya, awahamishie kazi nyingine, mji mwingine na mwisho mwingine. Uchungu wa jirani si mali ya mwandishi. Ila chanzo cha uchungu huo, kikiwa ni desturi au dhuluma, ni jambo la jamii nzima.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi. Handeni imepata sifa, katika masimulizi na mizaha ya nchi nzima, kuwa ni nyumba ya uganga. Ni rahisi mno kwa mtunzi mvivu kuikamata sifa hiyo, akamtia bibi kizee mwenye macho mekundu katika sura ya pili na kumfanya mchawi wa kweli katika sura ya mwisho. Na tukumbuke kwamba Sheria ya Uchawi iliwekwa tangu mwaka 1928, na bado katika sehemu mbalimbali za Tanzania wazee, hasa wanawake, wameuawa kwa kushukiwa tu. Macho ya wengi wao yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni. Riwaya inayothibitisha tuhuma ya namna hiyo si burudani tupu. Huongeza ukuni katika moto.

Je, basi tusiandike habari hizo? La, tuziandike, maana uvumi ni sehemu ya maisha yetu na huvunja uchumba mwingi kuliko umaskini. Lakini fumbo liwe kwa mwenye kuutoa uvumi. Nani alikuwa wa kwanza kusema kwamba bibi wa msichana ni mchawi? Alisema siku gani? Shamba la bibi limepakana na la nani? Hapo mwandishi atakuwa amepata taharuki ya kweli, na mapenzi ya vijana wawili yatakuwa kipimo cha haki ya kijiji kizima. Pia atakuwa amemwondolea mtu asiye na hatia hukumu ya alama, kama vile Mbegha aliyeshinda hukumu ya meno yake.

Hitimisho

Tumeona kwamba katika kila zama palikuwa na kitu kilichosimama kati ya wapendanao wa Handeni na Korogwe, nacho kilikuwa na mwenyewe na utaratibu wake. Zama za Mbegha ilikuwa ni alama ya mwili. Zama za Kidyakingo ilikuwa ni njaa na mkono wa mjomba. Zama za mkonge ilikuwa ni kipande na karani. Leo ni uvumi, umbali na ukimya wa simu. Aijuaye historia ya vizuizi hivi ameijua historia ya mapenzi ya watu wake, na hatakosa la kuandika.

Walimu wanaweza kuanza kwa kazi ndogo. Kila mwanafunzi na amwendee mzee mmoja, bibi, babu au mstaafu wa shamba la mkonge, amsalimu kwa adabu, kisha amwulize swali moja tu: "Ujana wenu, ni kitu gani mlichokingoja kwa hofu kuliko vyote?" Aandike jibu kama lilivyosemwa, pamoja na majina ya vitu na hesabu zake: magunia mangapi, siku ngapi, treni ya saa ngapi. Majibu ya darasa moja yakikusanywa yatakuwa ghala ya riwaya kumi, na pia yatakuwa kumbukumbu ambayo haikuandikwa mahali pengine. Wazee waliobeba kipande mfukoni wamebaki wachache, na kila anayeondoka huondoka na karani wake, barua yake na jibu ambalo hakulipata kulisoma mwenyewe.

Wahenga wamesema, penye miti hapana wajenzi. Miti iko Handeni, na mto uko Korogwe. Wajenzi ni vijana waliomo madarasani, na kazi hiyo inawangoja.